Haibridi inagoma kuwaka siku moja moja, siku nyingine inawaka kama kawaida. Nimebadili betri, bado

#1 Mwendo Pole

Wakuu salaam. Naomba mnivumilie, uzi utakuwa mrefu maana nimeshachoka na hili gari.

Ni haibridi ya Kijapani (inatumia petroli na umeme), ya kubonyeza kitufe, injini ya lita 1.8, umri miaka 12, kilomita 168,000. Nimekaa nalo mwaka wa tatu halijanisumbua hata siku moja. Wiki sita sasa linanichezea. Asubuhi nakanyaga breki, nabonyeza kitufe, dashibodi inawasha kila taa iliyonayo, nyuma huko nasikia ta-ta-ta-ta-ta, halafu giza. READY, lile neno la kuonyesha gari limewaka, haitokei ng'o. Nikilibusti kwa waya kutoka gari la jirani linawaka hapo hapo. Kesho yake nabonyeza bila kubusti, linawaka kana kwamba hatujawahi kugombana.

Halina ratiba. Linaweza kukaa siku nne halijagoma, kisha likagoma mara mbili mfululizo. Iwe mvua, iwe jua, nimelala nalo usiku mmoja au limekaa siku mbili, sioni mpangilio.

Nilichokwishafanya: nimebadili betri ya rimoti. Nimenunua betri ndogo mpya, ile ya volti 12, wiki tano zilizopita. Likatulia siku kumi, nikajua yamekwisha, likarudia. Nimelipeleka kwa fundi, kachomeka mashine, katoa misimbo minane ya hitilafu, akasema betri kubwa imekufa ninunue nyingine nzima. Alipotaja bei niliketi kwenye tairi.

Mambo mengine madogo, sijui kama yanahusu: saa ya kwenye dashibodi inarudi 1:00 kila likigoma, redio inasahau stesheni zote, na ile kruzi ya kushika mwendo yenyewe kwenye barabara ndefu siku hizi mara inakubali mara inakataa. Hayo hayaninyimi usingizi. Ninachotaka liwake.

#2 Pweza

Nafuatilia.

#3 Kunguru wa Juu

Mkuu una uhakika haliwaki? Wengi wanaotoka kwenye magari ya kawaida wanasubiri kusikia injini. Haibridi ikionyesha READY imeshawaka hata kama kimya kama maiti. Injini inakuja yenyewe ikihitajika. Weka D uondoke.

#4 Mwendo Pole

Kunguru, nimesema READY haitokei na dashibodi inazima. Miaka mitatu ningekuwa nimeshajua.

#5 Kunguru wa Juu

Sawa, nilisoma haraka.

#6 Debe Tupu

Uza. Nunua gari la kusukuma likawaka. Haya mengine ni kompyuta zenye tairi.

#7 Mama Spana

Kaka, betri kubwa usinunue. Angalau usinunue leo.

Ngoja nieleze kidogo maana naona wengi humu wanachanganya. Gari la aina yako halina stata ya kawaida wala altaneta ya kuchaji betri. Betri kubwa, ambayo kwa magari mengi ya mfumo huo ina volti kama 200 hivi, ndiyo inayozungusha mota, na mota ndiyo inayoamsha injini. Lakini betri kubwa ikiwa gari limezimwa imefungiwa. Kati yake na gari kuna rilei kubwa, yaani swichi zinazovutwa kwa umeme, na anayezifunga hizo rilei ili umeme upite ni kompyuta, na kompyuta zote zinakula kwa betri ndogo ya volti 12. Kwa hiyo unaweza kuwa na ghala limejaa mahindi na mwenye ufunguo amezirai mlangoni.

Hiyo ta-ta-ta unayoisikia ni rilei. Betri ndogo inajaribu kuzivuta, volti inaanguka, zinaachia, volti inapanda kidogo, zinavutwa tena. Na ushahidi mkubwa umeuandika mwenyewe bila kujua: ukibusti kwa volti 12 linawaka. Waya wa kubusti hauongezi chochote kwenye betri kubwa. Ingekuwa imekufa, ungebusti mpaka waya ziyeyuke.

Sasa nataka vitu viwili. Kwanza misimbo yenyewe, usiniambie "minane". Hasa niambie kama P0A80 imo. Hiyo ndiyo inayosema betri kubwa imechakaa. Pili, nunua mita, hata ya bei ya chini, upime betri ndogo siku linapogoma KABLA hujabusti, na siku linapowaka KABLA hujabonyeza kitufe.

#8 Dereva wa Zamu

Naongezea: rimoti unaiweka wapi usiku? Mimi nilikuwa naitundika ukutani, upande wa pili wa ukuta ndiyo gari lilipo. Rimoti na gari vinaongea usiku kucha, gari halilali, betri inanyonywa. Niliisogeza chumba kingine shida ikaisha.

Na kwa faida ya wengine: betri ya rimoti ikifa kabisa, igusishe rimoti yenyewe kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki. Itasomwa tu.

#9 Mwendo Pole

Dada Mama Spana, asante. Nilipiga picha skrini ya mashine ya fundi. Naona C1241, U0100, B2799 na nyingine za U nyingi. P0A80 nimeitafuta mpaka kwa kukuza picha, haimo.

Mita nimenunua. Jumanne, siku limewaka: 12.5. Jumatano 12.6, limewaka. Leo Alhamisi limegoma, nikapima kabla ya kugusa chochote: 9.8.

Dereva wa Zamu, rimoti inalala chumbani, mbali kabisa.

#10 Mama Spana

Umeona? C1241 ni mfumo wa breki unalalamika volti iko chini. U0100 ni kompyuta nyingine zinasema haziisikii ile ya injini. B2799 ni kinga ya wizi, haikuelewana na wenzake. Hayo yote kwa pamoja ni kelele za njaa. Volti ikianguka, kila kompyuta inamlaumu jirani yake. Fundi anayesoma misimbo bila kupima betri ya volti 12 kwanza anasikiliza umbea.

Betri ndogo iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, inasoma 12.6 hadi 12.8. Ikifika 12.2 imebaki nusu. 12.0 ni robo. 9.8 hata saa ya dashibodi inasahau ni saa ngapi, kama ulivyoona.

Kwa hiyo kuna maswali mawili tu: je, haichajiwi? Au inachajiwa halafu kuna anayeinywa? Washa gari, READY ikiwa inawaka, pima kwenye betri ndogo. Kazi ya altaneta hapa inafanywa na kigeuzi kinachoshusha volti za betri kubwa. Unatakiwa uone kati ya 13.5 na 14.5.

#11 Mwendo Pole

14.1. Nimewasha taa kubwa, feni na hita ya kioo cha nyuma, ikabaki 14.0.

#12 Mama Spana

Basi inachajiwa. Kuna mwizi.

#13 Bwana Mkaa

Betri mpya siku hizi nazo ni majanga. Inawezekana uliuziwa iliyokaa rafuni miaka miwili. Pia angalia aina. Kama betri yako inakaa ndani ya buti basi lazima iwe ya kufungwa, yenye kimrija cha kutolea gesi nje. Kuna watu wanafunga ya maji ya kawaida humo ndani, gesi inajaa kwenye gari wanamopanda watoto.

#14 Mwendo Pole

Ni ya aina sahihi, na kimrija kimechomekwa, nimehakikisha. Nimeipeleka kupimwa kwa mashine ya mzigo, wamesema nzima ila imeanza kuchoka kwa kuishiwa mara kwa mara. Ina ujazo wa Ah 45 (ampea-saa).

#15 Mzee Koili

Vijana, habari zenu. Nimeuona huu uzi nikaona niingie.

Mwizi anapimwa hivi. Mita iweke kwenye kupima ampea, waya mwekundu ukae kwenye tundu la 10A, siyo lile la milliampea. Chomoa waya hasi wa betri, pitisha mita kati ya waya na betri. Umeme wote unaotoka sasa unapita kwenye mita. Lakini kabla ya hapo, fungua mlango wa buti na wa dereva, kisha zifunge zile komeo zake kwa bisibisi zikiwa wazi hewani, gari lidhani milango imefungwa. Usipofanya hivyo utakuwa unapima taa ya ndani. Funguo ziwe mbali. Halafu keti. Haya magari hayalali papo hapo, yanachukua dakika 20, 30, mengine zaidi, kompyuta moja moja inajifunga. Mara ya kwanza utaona ampea nzima au mbili, usipige kelele. Likishalala, chini ya milliampea 50 ni haki yake. Zaidi ya hapo anza kuchomoa fyuzi moja moja ukiangalia mita inaposhuka.

Onyo: usithubutu kubonyeza kitufe cha kuwasha mita ikiwa imepitishwa hapo. Utaunguza fyuzi ya mita, na ile haipatikani kirahisi.

#16 Mwendo Pole

Mzee shikamoo, nimefuata kila neno. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa dakika 50, mke wangu amepita mara tatu akiniuliza kama niko sawa.

Ilianza 1.9A. Ikashuka 0.6. Ikakaa hapo sana, nikajua nimempata mwizi. Ghafla ikaanguka 0.028. Milliampea 28. Haikusogea tena.

Yaani gari ni zima. Nikafunga buti nikalala. Asubuhi limegoma, 10.1.

#17 Pweza

Hahaha hili gari lina jini.

#18 Mama Spana

Halina jini. Lina mwizi ambaye haji kila siku. Ulipompima alikuwa amesafiri.

Kwa tatizo la mara moja moja, kipimo cha usiku mmoja hakikusaidii. Kila usiku kabla hujalala nenda kapime bila kufungua mlango. Kama una rafiki mwenye mita ya kung'ata waya, ile yenye taya, inayosoma mkondo wa DC, ikopeshe uning'inize kwenye waya hasi. Wakati huohuo angalia waya wa ethi, yaani ule hasi, unapofungwa kwenye bodi. Kutu pale inaleta vituko vya namna hii hii. Gari likiwa na mzigo, pima volti kati ya kichwa hasi cha betri na bodi. Ikizidi 0.2 ujue waya wa ethi hauko vizuri.

#19 Mwendo Pole

Wakuu hali imekuwa mbaya zaidi.

Nikiwa kazini, shemeji yangu kwa nia njema kalichukua gari akalipeleka kwa yule fundi "aikague vizuri betri kubwa". Fundi kachomoa ile plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa, kaangalia, karudisha. Tangu hapo haliwaki kabisa. Siyo tena siku moja moja. Betri ndogo inasoma 12.6, dashibodi inawaka vizuri, hakuna ta-ta-ta, ila READY haiji. Fundi anasema "si nilikwambia betri kubwa imekufa". Nimevutwa kwa kamba mpaka nyumbani.

#20 Mama Spana

Pumua. Hiyo inawezekana ni ya sekunde mbili.

Ile plagi kwenye magari mengi ya mfumo wako ina hatua TATU za kurudisha. Unaichomeka. Unainua mkono wake mpaka usimame. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaposahau, unausukuma mkono kushuka chini mpaka ukae. Hatua ya tatu ndiyo inayofunga swichi ndogo ya usalama. Swichi ikiwa wazi kompyuta inajua plagi haijakaa, na haitaruhusu zile rilei zifungwe hata ukililia. Mashine ingeonyesha P0A0D.

Usiichomoe. Zima gari, rimoti iwe mbali, chomoa waya hasi wa betri ndogo, vaa glavu za mpira za umeme zinazohimili volti 1,000, kisha angalia tu mkono umekaa wapi. Kama uko juu, ushushe.

Na mwambie shemeji kwamba anayeichomoa ile plagi anatakiwa asubiri dakika 10 kabla ya kugusa waya wowote wa chungwa, maana kapasita za inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota, zinabaki na umeme. Volti 200 za DC zinaweza kukuua. Kama fundi aliivuta kwa mikono mitupu akaanza kukagua hapo hapo, ana bahati.

#21 Mwendo Pole

Tk.

Ndiyo sauti iliyotoka. Mkono ulikuwa umesimama kama ulivyosema. Nimeushusha, ukasema tk, nimerudisha betri, READY imekuja kabla sijatoa kidole kwenye kitufe. Dada Mungu akubariki, na shemeji nimemwomba kwa upole asiguse tena gari langu.

Tumerudi kwenye tatizo la mwanzo.

#22 Dereva wa Zamu

Usilibusti kila siku kwa waya na haraka za asubuhi. Ukikosea chanya na hasi mara moja kwenye haibridi, hata sekunde moja, fyuzi kubwa inakwenda na pengine inveta nayo. Nunua chaja ya polepole, uichaji usiku.

#23 Mwendo Pole

Ripoti ya usiku tano. Napima saa 4 usiku na saa 12 asubuhi.

Usiku wa 1: 12.7, asubuhi 12.6.
Usiku wa 2: 12.6, asubuhi 12.5.
Usiku wa 3: 12.6, asubuhi 10.3, limegoma.
Usiku wa 4: 12.5 (nilichaji), asubuhi 12.5.
Usiku wa 5: 12.6, asubuhi 12.5.

Ethi nimepima, 0.04. Nimekwama.

#24 Mzee Koili

Leo nimeurudia uzi kutoka mwanzo, polepole, kama mtu anayesoma wosia akitafuta jina lake. Mwanangu Mwendo Pole, kuna kitu ulikisema siku ya kwanza ukakipuuza, na sisi wote tukakipuuza.

Kwanza hesabu. Usiku wa 3 ulipoteza karibu betri nzima kwa saa 8. Betri yako ni Ah 45. Tuseme Ah 30 zimekwenda. 30 gawa kwa 8 ni karibu ampea 4. Huyo mwizi si kompyuta iliyokesha wala redio. Ampea 4 kwa volti 12 ni wati 48. Ni kitu gani kwenye gari kinakula wati karibu 48 bila ufunguo, bila gari kuwashwa?

Taa mbili za breki. Balbu moja wati 21, mbili 42, na ile ya juu ya kioo inaongeza kidogo. Taa za breki zinawaka hata gari likiwa limezimwa, ukikanyaga tu.

Na sasa kruzi yako. Kruzi inakataa kwa sababu nyingi, lakini sababu ya kwanza kabisa ni kompyuta kuona breki imekanyagwa. Ulituambia mara inakubali mara inakataa. Betri nayo mara inakaa mara inakwisha. Huyo ni mtu mmoja.

Niambie: unaegesha vipi? Mkia ukiangalia wapi?

#25 Mwendo Pole

Mzee nywele zimenisimama.

Naegesha kwa kurudi nyuma, mkia kwenye ukuta, karibu sana. Halafu nalifunika turubai zito la rangi nyeusi. Sijaona taa za nyuma za gari langu usiku tangu nilinunue hilo turubai.

#26 Mama Spana

Mzee Koili nakuvulia kilemba. Nilisoma kruzi nikaipita kama nguzo ya njiani.

#27 Mzee Koili

Nimewahi kukimbizana na tatizo hili hili wiki mbili, ndiyo maana nalijua sura. Juu ya pedali ya breki kuna swichi yenye kijiti. Ukiachia mguu, pedali inarudi na kukisukuma kijiti ndani, taa zinazima. Ukikanyaga, kijiti kinatoka, taa zinawaka. Kwenye mkono wa pedali, pale kijiti kinapogusa, pana tundu, na tundu hilo limezibwa kwa kifuniko kidogo cha plastiki au mpira. Baada ya miaka kumi na ushee, plastiki inakauka, inapukutika. Kijiti kinapita tunduni, hakisukumwi, na gari linaamini umekanyaga breki mpaka asubuhi.

Kikiwa kimevunjika nusu, inategemea pedali imerudi vipi. Siku nyingine kijiti kinadakwa na nusu iliyobaki, siku nyingine kinateleza.

Usiguse kitu usiku huu. Wewe chungulia tu.

#28 Mwendo Pole

Usiku wa kwanza nimechungulia saa 4, saa 6, saa 8. Giza.

#29 Mwendo Pole

Usiku wa pili giza. Mke wangu ameuliza kama kuna mtu mwingine namfuata huko nje.

#30 Mwendo Pole

WAKUU.

Saa 7 usiku huu. Nimetoka, nimeinua pembe ya turubai, ukuta wote mwekundu kama machinjioni. Taa tatu zinawaka, gari limezimwa, limefungwa, hakuna mtu ndani.

Nimefungua mlango, nimeingiza mkono chini nikaiinua pedali ya breki kwa vidole, kidogo sana, kama mtu anayeinua kidevu cha mtoto. Taa zikazima. Nikaachia. Zikabaki zimezima. Nikaikanyaga nikaachia ghafla, zikawaka zikabaki. Nikaiachia taratibu, zikazima. Nimefanya hivyo kama mara kumi, nikicheka peke yangu.

Kisha nikaingiza kichwa na tochi. Kwenye zulia, pembeni kabisa ya pedali ya mafuta, kuna vipande vitatu vya plastiki ya kahawia, vimekauka kama maganda ya karanga. Miezi yote hiyo nilikuwa nalifagia zulia nikidhani ni uchafu wa viatu. Juu kwenye mkono wa pedali kimebaki kipande chenye umbo la mwezi mwandamo, na alama ya kijiti kando yake.

Nikapima mkondo taa zikiwa zimewaka: 3.8A.

#31 Pweza

Nilisema jini. Jini la kahawia.

#32 Kunguru wa Juu

Kumbe waliokuwa nyuma yako barabarani walikuona unakwenda umekanyaga breki safari nzima. Pole yao.

#33 Mama Spana

Na sasa unajua kwa nini mzee alipokupimisha uliona 28. Ulifungua buti, ukafungua mlango, ukakaa kwenye ndoo ukiangalia mita. Siku hiyo pedali ilirudi vizuri. Kama ingeteleza ungeona 3.8 tangu dakika ya kwanza na tusingefika ukurasa huu.

Kwa muda, tia boliti fupi yenye kichwa bapa kwenye lile tundu, nati nyuma, kichwa kiangalie kijiti. Ikaze isilegee ikaangukia chini ya pedali. Usibandike kwa gundi peke yake. Ukipata kifuniko chenyewe, kina umbo la kitufe cha shati, kibonyeze kiingie. Halafu hakikisha: taa zizime pedali ikirudi yenyewe bila kusaidiwa, na ziwake mguu ukigusa kidogo tu. Kama zinachelewa kuwaka, swichi irekebishwe, maana hapo utakuwa umelihamishia tatizo kwa anayekufuata barabarani. Na swichi isiposoma breki, kitufe hakitakupa READY, kitawasha dashibodi tu.

#34 Chura wa Bwawani

Samahani kuingilia. Langu linawaka asubuhi vizuri ila mchana baada ya foleni ndefu linazima READY, nikingoja nusu saa linakubali. Mashine imesema P0A93. Nami nikaangalie pedali?

#35 Mama Spana

Hapana ndugu, wewe una joto. P0A93 ni upoozaji wa inveta. Fungua boneti gari likiwa READY, tazama kwenye chupa ya maji ya inveta, siyo ya injini. Maji yanatakiwa yaonekane yanatembea. Yakiwa yametulia, pampu yake ndogo ya umeme imekufa au kuna hewa. Usiendelee kuliendesha hivyo, usije ukaunguza inveta yenyewe badala ya kubadili pampu tu. Fungua uzi wako tuje huko.

#36 Mwendo Pole

Mrejesho, siku ya 19 tangu nitie kifuniko kipya. Halijagoma. Asubuhi zote 12.5 kwenda juu. Kruzi inashika kila nikiiita. Misimbo yote nimeifuta, hakuna hata mmoja uliorudi. Yule fundi alipiga simu kuuliza kama aagize betri kubwa, nikamtumia picha ya vipande vya plastiki juu ya kiganja changu. Amejibu "hiyo ni nini?"

Swali la mwisho: betri ndogo imeishiwa kabisa kama mara tisa. Niitupe?

#37 Mama Spana

Betri za aina hiyo hazipendi kuishiwa, kila mara inapofika 10 inapoteza kidogo. Lakini usiitupe kwa kuhisi. Ichaji polepole mpaka ijae, iache saa 12 haijaguswa, pima. Ikisoma chini ya 12.4 inakuaga. Irudishe pia kwenye mashine ya mzigo.

#38 Mwendo Pole

12.7 baada ya saa 14. Mashine ya mzigo wamesema inafaa.

#39 Mzee Koili

Basi funika gari ukalale, mwanangu.

#40 Mwendo Pole

Nafunika, mzee. Ila turubai nimelikata kitobo pale nyuma.